Herufi S: shajara ya mradi wangu wa koti jeupe

Julai 6

Naanza daftari hili kwa sababu mipango yangu yote ya nyuma niliiweka kichwani, na huko huko kichwani ikafia. Mradi ni mmoja: kuingia chuo cha tiba, kusomea Udaktari wa Tiba, kabla sijatimiza miaka 30. Sasa hivi nina 28. Nina shahada ya bayoteknolojia na sayansi za maabara kutoka SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, GPA (wastani wa alama) 3.9 kati ya 5. Nafanya kazi kwenye maabara binafsi hapa Moshi mjini, zamu tatu za mchana na mbili za usiku kila wiki. Nikitoka zamu ya usiku nauona Kibo mweupe kabla mawingu hayajaufunika, na kila nikiutazama nakumbuka kwamba koti ninalovaa ni jeupe vilevile, ila si lile ninalolitaka.

Njia niliyoichagua: shahada ya uzamili ya bayoteknolojia, ya jioni na Jumamosi, miaka miwili na nusu, darasani Arusha. Barua ya kukubaliwa imefika jana. Hoja yangu ni nyepesi. Mtu mwenye uzamili akiomba nafasi ya kuanza shahada ya kwanza ya udaktari, nani atamrudisha getini?

Hali ya mradi: mambo safi.

Julai 13

Nimelipa awamu ya kwanza ya ada. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wangu kwa ajili ya shahada ya kwanza, kwa hiyo hiyo awamu imetoka kwenye hela ya tanki la maji ambalo mama amelisubiri tangu mwaka juzi. Hajasema kitu. Ameuliza tu kama maji ya ndoo yana tatizo gani.

Julai 20

Kuna jambo sikuliandika tarehe 6. Bila hilo mtu mwingine akisoma daftari hili hataelewa kwa nini natafuta njia ya kuzunguka.

Kidato cha sita nilisoma PCB. Baiolojia nilipata B, Kemia C, Fizikia S. Kwa ambao hawajapita huko: S ni alama kati ya 35 na 39. Si F, lakini si prinsipo pia, yaani si ufaulu kamili wa somo. Ni kama kukaribishwa sebuleni ukaambiwa ukae karibu na mlango. Prinsipo mbili zilinitosha kwenda SUA, na namshukuru Mungu. Kwa udaktari zinatakiwa tatu: Fizikia, Kemia na Baiolojia.

Ile S sijawahi kumwambia mtu kazini. Wanajua nilisoma PCB, wanajua matokeo ya chuo, basi. Uzamili niliufikiria kama kanga: unaifunga juu ya gauni lenye doa, na hakuna mwenye adabu atakayekuuliza kuna nini chini.

Agosti 3

Saa tano usiku simu imeita. Kwa binamu yangu kule Maryland ilikuwa saa kumi jioni, ndiyo kwanza anatoka kazini. Yeye aliondoka hapa akiwa na miaka 15, akasoma sekondari na chuo hukohuko, sasa yuko kwenye kampuni ya dawa pale Gaithersburg. Nikamweleza mradi. Akacheka mpaka nikakasirika, kisha akaniambia kwa nini anacheka: yeye naye ana fomu mezani. Uzamili wa bayoteknolojia wa muda, pale Johns Hopkins, kozi 10, unasoma jioni au mtandaoni huku unaendelea na kazi. Na sababu yake ni hiyohiyo, kuingia shule ya udaktari.

Mwajiri wake anamsaidia ada. Kwa sheria ya kodi ya Marekani mwajiri anaweza kumlipia mfanyakazi masomo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila hela hiyo kukatwa kodi. Kwa hiyo yeye anasaidiwa, mimi nautoa kwenye tanki la mama.

Tumekubaliana kila mmoja aende kuuliza mlangoni kwake, siyo kuulizana sisi kwa sisi. Wiki mbili.

Agosti 17

Nimekwenda ofisi ya udahili ya chuo cha tiba. Nilivaa vizuri kuliko siku ya usaili wa kazi. Nilibeba cheti cha SUA, barua ya uzamili, na barua ya mkuu wangu wa maabara. Cheti cha kidato cha sita nilikiacha nyumbani, nikijidai nimekisahau.

Kaka wa pale mapokezi ya udahili ni mdogo kwangu, na alinipokea kwa heshima zote. Nikamwamkia, nikajieleza karibu dakika kumi: PCR (kuzidisha DNA maabara), utafiti, uzamili. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwenye kompyuta, akashuka kwa kidole mpaka mstari wa Udaktari wa Tiba, akageuza kioo ili nami nisome.

Kuna miongozo miwili. Mmoja ni wa waliomaliza kidato cha sita, mwingine ni wa wenye stashahada na sifa linganifu. Wa kwanza unauliza Fizikia, Kemia na Baiolojia. Wa pili unauliza stashahada ya utabibu yenye GPA isiyopungua 3.0, pamoja na masomo ya kidato cha nne. Nimesoma mistari yote miwili mara mbili. Nilikuwa natafuta neno uzamili kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliochaguliwa.

"Dada," akaniambia, "wewe unanieleza ulikofika. Hiki kitabu kinaniuliza ulikopita. Fizikia ulipata ngapi?"

Nikasema S. Ni mara ya kwanza kuitamka kwa sauti baada ya miaka minane. Hakushangaa hata kidogo. Akaandika S kwenye kikaratasi, akaizungushia duara, akanipa.

Nilishuka kwa miguu kutoka pale hospitali ya KCMC, chuo kilipo, mpaka mjini badala ya kupanda hiace.

Hali ya mradi: umesimama.

Agosti 18

Sina la kuandika.

Agosti 24

Ripoti ya binamu imefika, ujumbe wa sauti saba, mmoja una dakika kumi na moja. Nauandika kirefu kwa sababu kwake mlango ni tofauti kabisa na wangu, lakini kilichotushinda ni kilekile.

Kule, maombi ya shule nyingi za udaktari hupitia mfumo mmoja unaoitwa AMCAS. Mfumo huo unachukua kila kozi uliyosoma na kukokotoa GPA upya. Tena haukokotoi moja. Kuna ya masomo yote ya shahada ya kwanza, na kuna ya baiolojia, kemia, fizikia na hisabati peke yake. Kozi za uzamili zinawekwa kwenye mstari wao, hazichanganywi na zile. Kwa hiyo binamu akisoma kozi zote 10 za Johns Hopkins na kupata A tupu, GPA yake ya shahada ya kwanza itabaki pale ilipo. Ina 3.1 kati ya 4. Itabaki 3.1 mpaka azikwe nayo, maneno yake.

Halafu kuna suala la alama za uzamili zenyewe. Kwenye programu nyingi za kule B ndiyo alama ya kupita, chini ya hapo unaanza kuandikiwa barua za onyo. Wajumbe wa kamati ya udahili wanalijua hilo vizuri. GPA ya 3.8 ya uzamili haiwashtui kama 3.8 ya shahada ya kwanza.

Akauliza, sasa nini kinaisogeza hiyo 3.1? Kozi za ngazi ya shahada ya kwanza zilizosomwa baada ya kuhitimu. Hizo zinaingia kwenye hesabu ileile. Tukapiga hesabu pamoja, yeye huko mimi huku. Ana kredit 120 zenye wastani wa 3.1, yaani pointi 372. Ili wastani ufike 3.3 anahitaji kredit 34 na ushee, na zote apate A. Karibu kozi kumi na moja! Sawa na uzamili mzima, kwa kupanda 0.2. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba sasa anaelewa kwa nini watu wanataka kuamini uzamili unafuta alama za zamani.

Zamani kwenye shule za udaktari wa osteopathia, aina ya pili ya shule za udaktari kule, ulikuwa unaweza kurudia kozi na alama mpya ikaifuta ya zamani. Waliacha mwaka 2017. Sasa zote mbili zinahesabiwa.

Kuna uzamili wa aina nyingine kule unaosaidia kweli, nao hausomwi jioni. Ni wa mwaka mmoja hivi, muda wote, na mwanafunzi anakaa darasani na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari, anafanya mitihani ileile. Georgetown pale Washington wanao, na ndio unaotajwa sana. Kamati inapouona inapata jibu la swali lake: huyu ataubeba mzigo wetu? Kozi moja moja za jioni haziwezi kujibu hilo hata ukipata A, kwa sababu hakuna mzigo. Lakini ule wa Georgetown una ada ya kutisha, na mwajiri wake hawezi kumlipia huku ameacha kazi.

Mwishoni kuna MCAT, mtihani wa kuombea shule za udaktari. Alama zinaanzia 472 hadi 528, vipande vinne, na siku ya mtihani unakaa karibu saa saba na nusu na mapumziko yakiwemo. Hakuna uzamili unaokuondolea huo mtihani.

Nilimuuliza, basi haufai kabisa? Akasema hapana, unafaa, ila pembeni. Ukifanya utafiti ukachapishwa, ukapata barua nzuri ya profesa anayekujua, ukaonyesha umekua tangu ulipokuwa na miaka 19, wajumbe wanaosoma faili lote watakiona. Ila watakiona kama faili lako litafika mezani kwao. Kwanza kuna namba.

Agosti 25

Nilimtania: basi nije nisome hiyo ya Hopkins mimi, nianze upya huko. Naye akaliuliza kwa makini, binamu yangu huyu hana utani kwenye fomu. Jibu: AMCAS haihakiki kozi zilizosomwa nje ya Marekani na Kanada. GPA yangu ya SUA, ile 3.9 ninayoipenda, isingeingia popote kwenye hesabu yao. Ningekuwa na uzamili bila shahada ya kwanza ya kuuegemeza, paa bila kuta. Na shule nyingi zinataka uwe umesoma kredit kadhaa za shahada ya kwanza hukohuko.

Nimefunga ukurasa wa Marekani. Ilikuwa safari fupi.

Agosti 31

Leo nimekaa na kalamu nyekundu.

Uzamili wa hapa kwetu ni kredit 180. Kredit moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: darasa, kusoma, mazoezi, vyote. Jumla ni saa 1,800. Mimi baada ya zamu, usingizi na kanisa nina saa 15 za wiki ninazoweza kuziita zangu. Wiki 120. Miaka miwili na miezi kama minne, na mwisho wake nitasimama mbele ya kaka yuleyule, naye atageuza kioo kilekile.

Njia ya stashahada ya utabibu: miaka 3, halafu udaktari miaka 5, halafu mwaka 1 wa intanshipu, mafunzo ya kazi hospitalini. Tisa. Nitakuwa na 37. Inawezekana, na wapo waliopita huko ambao nawaheshimu, lakini kwangu ni kurudi nyuma ya mahali nilipo.

Njia ya tatu ni kurisiti, yaani kurudia mtihani wenyewe. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei, matokeo Julai, udahili unafuata hapohapo. Kuanzia katikati ya Septemba hadi mwisho wa Aprili ni wiki 32 hivi, mara 15 ni saa 480. Nimeitazama hiyo namba muda mrefu. 480 dhidi ya 1,800. Miaka minane nimekuwa tayari kulipa 1,800 ili nisiguse 480, kwa sababu ndani ya hizo 480 kuna chumba cha mtihani na watoto wa miaka 19 watakaoniita shangazi.

Septemba 14

Nimejiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea. Masomo yote matatu, siyo Fizikia peke yake. Sitaki kufika Julai na vyeti viwili vya miaka tofauti halafu nianze kubishana na mtu kuhusu namna ya kuviunganisha. Cheti kimoja, mstari mmoja.

Uzamili sijauacha. Ada imeshalipwa nusu, na iliyolipwa hairudishwi. Nitafanya vyote viwili.

(Nikisoma mstari huo wa mwisho sasa, naona hela ya tanki ndiyo iliyouandika.)

Oktoba 5

Jumamosi ya kwanza ya darasa Arusha. Coaster ya saa kumi na mbili asubuhi kutoka stendi, Boma Ng'ombe, njia panda ya KIA, Usa River. Pale Tengeru tunapita njia ya kwenda Taasisi ya Nelson Mandela, iliyoanzishwa kwa ajili ya uzamili na uzamivu, na abiria mmoja aliyeshuka pale alibeba boksi la sampuli lenye barafu kama mtu aliyebeba keki ya kipaimara. Nilimwonea wivu. Yeye alijua anakwenda wapi.

Darasa lenyewe ni zuri, lazima niseme ukweli. Somo la bayoinfomatiki limenifungua macho. Tulichukua mfuatano wa jeni ya kimelea cha malaria tukaulinganisha na mingine, na nikaelewa kitu ambacho nimekuwa nikikifanya kazini kwa mazoea tu. Wakati wa chai mwalimu akatuuliza kila mmoja amekuja kwa nini. Nikasema udaktari. Akatikisa kichwa, bila dharau.

"Ungesema ualimu wa chuo ningekupigia makofi. Vyuo vya umma vinataka 3.8 ya shahada ya kwanza na 4.0 ya uzamili kumwajiri mhadhiri msaidizi. Wewe una 3.9. Kule huu uzamili ni ngazi. Kwa udaktari wa tiba ni picha ya ngazi."

Oktoba 19

Fizikia. Nilianza na mwendo wa duara kwa sababu ndipo nilipozama kidato cha tano. Kituo cha tuisheni ninachosoma kiko karibu na Majengo, tuko kama thelathini, na wameniita shangazi siku ya kwanza, siku ya kwanza kabisa. Mwalimu alichora jiwe limefungwa kwenye kamba. Miaka yote ni jiwe na kamba. Sijawahi kuona mtu mzima akizungusha jiwe kwenye kamba.

Usiku nikiwa zamu nilikuwa nasubiri sentrifuji, mashine ya kuzungusha mirija ya damu, imalize, mizunguko 3,000 kwa dakika, na nikajikuta natazama kifuniko. Mbona jiwe lenyewe limo humu? Nikachukua rula. Kutoka katikati ya mhimili mpaka mwisho wa mrija: sentimita 10. Mizunguko 3,000 kwa dakika ni 50 kwa sekunde, zidisha kwa 2π unapata radiani 314 kwa sekunde. Izidishe kwa yenyewe, halafu kwa mita 0.1. Mita 9,870 kwa sekunde ya mraba. Gawanya kwa 9.81, yaani g, mchapuko wa mvutano wa dunia.

1,006.

Mwongozo wa mashine ukutani umeandika: 3,000 ni takriban 1,000 g. Miaka mitano nimeusoma huo mstari kila siku bila kujua kwamba ninaweza kuutengeneza mwenyewe. Chembe nyekundu za damu zinashuka chini ya mrija kwa sababu humo ndani zina uzito mara elfu moja ya uzito wao wa mezani. Nilicheka peke yangu saa nane za usiku, mlinzi akachungulia.

Basi nimebadilisha utaratibu. Kila mada ya Fizikia naitafutia mashine yake kazini. Spektrofotomita kwa mwanga. Jeli ya DNA kwa umeme tuli, kwa sababu DNA ina chaji hasi na inakimbilia upande wa chanya. Jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri kwa joto. Bado sijapata mashine ya mawimbi ya maji, lakini mvua za vuli zikija barabara ya kwetu itatosha.

Novemba 16

Nimevuruga kazi. Kontroli hasi ya PCR imetoka chanya.

Nieleze, kwa sababu nimejifunza zaidi hapa kuliko darasani. Kontroli hasi ni kisima, yaani kishimo kidogo kwenye sahani ya PCR, chenye maji matupu. Kazi yake ni kutotoa chochote. Kila mzunguko wa PCR unazidisha DNA mara mbili. Ukianza na molekuli moja, baada ya mizunguko 35 una zaidi ya bilioni 34. Kwa hiyo sikumwaga, sikupindua kitu. Ncha ya pipeti iligusa mahali isipopaswa, tone ambalo hata jicho halilioni, nami nilikuwa nimetoka Arusha saa mbili usiku nikaingia zamu saa tatu. Sahani nzima imerudiwa. Hakuna jibu la mgonjwa lililotoka vibaya, kontroli ilifanya kazi yake. Lakini vitendanishi vimekwenda na bei yake naijua.

Mkuu wetu wa maabara ni mama wa makamo ambaye hajawahi kupandisha sauti. Alinikalisha.

"Mwanangu, una kazi ngapi?"

"Tatu, mama."

"Acha moja. Na kama ni hii unayoiacha, uniambie kabla, nisikusikie kwa watu."

Nikamwambia yote. S na yote. Akasema yeye alirudia kidato cha nne mara mbili, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Akaagiza chai.

Desemba 26

Kibosho, nyumbani kwa mjomba. Wachaga wote wa dunia wamepanda mlimani, magari yamejaa mpaka kwenye migomba. Machalari, nyama, mbege ya wazee. Na maswali, maana Krismasi kwetu ni kikao cha tathmini.

Mjomba kailima kahawa maisha yake yote, na amekuwa akiiuza kupitia ushirika tangu mimi sijazaliwa. Akaniuliza hiyo shule ya Jumamosi ikiisha nitaitwa daktari? Nikasema hapana, mjomba, ila nikiendelea hadi uzamivu nitaitwa.

"Daktari wa sindano au wa makaratasi?"

"Wa makaratasi."

"Na wewe unataka upi?"

"Wa sindano."

Akamenya ndizi yake taratibu. "Sasa mbona unakwenda soko la Mbuyuni kununua nyanya umebeba hati ya shamba? Hati ni kubwa kuliko noti, sikatai. Lakini muuza nyanya ataichenji wapi?"

Watu walicheka. Mimi pia, kidogo. Mama aliyekuwa anapakua chakula hakucheka. Akaniwekea kipande cha nyama cha pili.

Januari 11

Nimeandika barua ya kuahirisha masomo ya uzamili kwa mwaka mmoja. Nimemaliza muhula mmoja, bayoinfomatiki nimepata A, nayo itabaki kwenye rekodi yangu popote nitakapokwenda. Nikikosa udaktari nitarudi, na nitarudi kwa ajili ya ule ualimu wa chuo, nikijua hivyo tangu mlangoni.

Jumamosi zimerudi kwangu. Saa 15 zimekuwa 22.

Binamu amejiandikisha kozi mbili za jioni za ngazi ya shahada ya kwanza, biokemia na fiziolojia, kwenye chuo cha jimbo. Fomu ya Hopkins hajaichana. Anasema kama udaktari ukishindikana kampuni yake inapandisha vyeo wenye uzamili, na dola 5,250 hazitaacha kuwepo. MCAT kaipanga baada ya mwaka mzima.

Januari 25

Daraja la mita, majaribio ya maabara. Waya wa mita moja, betri, galvanometa, unatafuta pahali ambapo sindano inatulia kwenye sifuri. Mikono yangu imezoea mikrolita, hapa natetemeka kwa sentimita. Watoto wananiangalia. Mmoja akaniambia, "Shangazi, usibonyeze waya, uguse tu." Akanionyesha. Ana miaka 18, anataka uhandisi wa ndege.

Februari 22

Tumefanya mtihani wa majaribio, karatasi mbili na la vitendo. Matokeo yamebandikwa ukutani leo asubuhi kwa namba, siyo kwa majina, na nimefurahi kwa hilo.

Kemia 66. Baiolojia 74. Fizikia 43.

43 ni E. E ni prinsipo. Nimesimama pale ukutani mpaka wale walionifuata nyuma wakaniomba nipishe.

Nilikokosea: sumaku-umeme swali zima, elektroniki nusu, na kwenye mwendo wa duara nilipata zote lakini nikaandika jibu bila kizio. Ninataka C, yaani 60, kwa hiyo zimebaki alama 17 na wiki kumi. Jumanne nina zamu ya usiku. Mkuu amesema ile mota ya sentrifuji ya zamani iliyoungua iko stoo, na kwamba nikitaka kuifungua nione koili zake, niifungue, nisimwage grisi sakafuni.